Kujikana na Kutumikia: Mwongozo wa Siku 40 Unaoanzia Jikoni

Mwaka nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu, Jumatano yake usiku nilikesha nikisugua visigino. Nilikata kucha, nikajisugua kwa jiwe, nikapaka mafuta ya nazi, nikatoa soksi mpya kwenye mfuko wake. Kesho yake jioni, mchungaji alipopiga magoti mbele yangu, miguu yangu iling'aa kuliko beseni alilolishika. Watu waliguswa. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga. Nilipofika nyumbani nikaliona beseni letu limeegemezwa ukutani, nikakumbuka kwamba maji ya kusugulia vile visigino aliyachemsha mke wangu, akayabeba, akaja kuyamwaga nilipomaliza, na mimi sikunyanyua hata kata.

Mwongozo huu ulianzia hapo. Unamfaa mtu mmoja, au jumuiya ndogo ya watu watano au sita wanaotaka kukifanya kile wanachokiimba. Unachukua siku 40. Unaweza kuuanza Jumatano ya Majivu ukitaka kwenda na Kwaresima, au Jumatatu yoyote ile. Nimeupanga kwa hatua, lakini usitarajie hatua zilingane. Nyingine ni za dakika tano na nyingine zitakukalia kooni wiki nzima.

Kwanza, lipate neno lenyewe

Yesu alisema, "Mtu yeyote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate" (Marko 8:34). Wengi tukisikia kujikana tunaelewa kujinyima: kuacha soda, kuacha nyama, kufunga simu siku ya Ijumaa. Hivyo si vibaya, na tutavifikia. Ila kujinyima ni kunyima tumbo, na mtu anaweza kulinyima tumbo huku akijilisha sifa mpaka akavimbiwa. Mafarisayo walifunga mara mbili kwa juma.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Nani hukana? Mdaiwa hukana deni. Mwizi hukana kosa. Na Petro, uani kwa kuhani mkuu, alikana mara tatu: "Simjui mtu huyu." Katika Kigiriki cha Marko, kitenzi alichotumia Yesu kwa kujikana (8:34) ndicho alichotumia kumwonya Petro kwamba atamkana (14:30). Basi kujikana ni kumwambia "mimi" wako maneno yale yale ya Petro. "Mimi" anadai kiti cha mbele. Unajibu, simjui mtu huyu. "Mimi" anataka ionekane kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo, simjui. Petro alimkana Bwana ili ajiokoe yeye. Mwanafunzi hugeuza: hujikana yeye asije akamkana Bwana.

Na msalaba? Mtaani kila shida inaitwa msalaba: mama mkwe mkorofi, kisukari, bosi mgumu. "Ndiyo msalaba wangu, nifanyeje." Hapana. Kisukari hakuna aliyejitwika, kimemkuta. Msalaba wa Kirumi ulikuwa chombo cha kuulia, na aliyeubeba barabarani alijua harudi. Kujitwika ni kuchagua jambo litakalokugharimu kwa sababu ya Kristo na kwa ajili ya mwenzako, wakati ungeweza kulikwepa. Karoli Lwanga, mkuu wa vijana watumishi wa ndani katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, angeweza kukwepa. Aliwakinga wale vijana waliokuwa chini yake, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo. Kwetu sisi inaweza kuwa jambo dogo sana kuliko hilo. Luka ndiye anayeongeza maneno "kila siku" (9:23), na Namugongo haiji kila siku. Vyombo vichafu huja.

Siku 1 hadi 7: daftari la waliokutumikia

Usianze kwa kutumikia. Anza kwa kuhesabu.

Chukua daftari la shilingi mia tano. Kila usiku, kabla ya sala, andika watu wote waliokutumikia siku hiyo, na kazi waliyoifanya. Nani alichota maji uliyoogea? Nani aliamka saa kumi na moja kuwasha mkaa? Nani alipiga pasi shati? Kondakta aliyekuvushia mzigo, mama ntilie, mlinzi aliyekesha, kijana aliyezoa taka. Pembeni ya kila mmoja weka alama mbili: je, unalijua jina lake? Je, ulimshukuru?

Wiki yangu ya kwanza nilipata watu arobaini na kitu. Majina niliyoyajua hayakufika nusu. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi nyumbani tulimwita "dada" miezi minane, na nilipomuuliza jina la baba yake alishtuka, akadhani kuna kosa kalifanya.

Hatua hii hairukwi, na wanaoiruka huharibu zote zinazofuata. Mtu asiyejua anavyobebwa akianza kutumikia huwa mfadhili: anawainamia watu kutoka juu. Anayejua kwamba ana deni hutumikia kama mtu anayelipa.

Siku ya 8: chagua kazi moja

Moja tu, na iwe ya nyumbani au ya mahali unapolala. Vigezo vitatu: iwe kazi ambayo kila mtu anaikwepa, isiwe kazi unayoipenda, na isiwe na watazamaji. Mwanaume anayependa kuchoma nyama asiniambie anatumikia kwa kuchoma nyama, pale anashangiliwa. Choo. Ndoo ya mtoto. Masufuria yenye masizi. Kumgeuza mgonjwa kitandani usiku. Kuchambua maharage. Ukikosa kazi, muulize anayefanya kazi nyingi kuliko wote hapo ndani: "Ipi inakuchosha zaidi?" Halafu ichukue yote, usiseme "nakusaidia". Ukisema nakusaidia, kazi bado ni yake.

Mimi nilichukua masufuria. Kwa faida ya wanaume wenzangu wasiojua: ukoko hausuguliwi mkavu, unalowekwa maji usiku kucha na asubuhi unatoka wenyewe. Masizi ya kuni ni vita, lakini ukipaka sufuria sabuni au udongo kwa nje kabla ya kuinjika, masizi hushika pale juu na hutoka kirahisi wakati wa kuosha. Nilikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na moja kabla ya kulijua hilo, na mke wangu alilijua tangu akiwa na miaka saba.

Ifanye kila siku hadi siku ya 40. Usitangaze kanisani. Usipige picha. Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na siku hizi mkono wa kushoto ndio hushika simu.

Usishangae wiki ya kwanza ukijisikia mtakatifu, ya pili ukichoka, na ya tatu ukianza kukasirika kwamba hakuna anayeona. Hiyo hasira ya wiki ya tatu ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Ndiye yule "mimi", ametoka mafichoni kudai mshahara wake. Mkute hapo umwambie humjui, kisha endelea kusugua. Soma Luka 17:7-10 wiki hiyo, polepole, na usiipambe.

Ulimi, kuanzia siku ya 12

Kazi ya mikono ikishazoeleka, ingia penye ugumu. Kwa wiki mbili jiwekee mambo haya.

Ukikosea, omba samahani bila neno "lakini". "Samahani nimechelewa." Nukta. Foleni, mvua, daladala iliyoharibika, vyote ni vya kweli, lakini viache mpaka uulizwe.

Kwenye kikao, wazo lako likisemwa na mwingine likapokelewa, nyamaza. Hapa nilishindwa mara tatu katika wiki moja, mara zote kwenye kamati ya ujenzi.

Ukisemwa uongo kuhusu jambo dogo lisilomdhuru mwingine, usijitetee kwa siku moja. Lala nalo. Kesho asubuhi utajua kama lilistahili kutetewa. Nasema jambo dogo. Uongo unaomwingiza mtu mwingine matatani au unaoficha wizi wa mali ya kanisa hauachwi hata saa moja.

Msibani na kwenye mnada

Maisha yetu ya kanisa yana sehemu mbili ambapo cheo hukaa uchi.

Ya kwanza ni msiba. Chini ya turubai wanaume tumekaa kwenye viti vya plastiki tukizungumza siasa. Nyuma ya nyumba akina mama wanamenya viazi tangu alfajiri, moshi machoni. Kwenye siku zako 40, ukipatwa na msiba wa jirani, usiende mbele. Pita nyuma, uliza kuni zinapasuliwa wapi, au maji yanachotwa wapi. Watakufukuza mara ya kwanza: "Mzee, wewe kakae kule." Chukua shoka tu. Watu wakishatawanyika, baki upange viti. Wanaobaki kupanga viti ni wachache, na utashangaa kwamba ni wale wale kila msiba.

Ya pili ni fedha. Kwenye harambee majina husomwa na ahadi hutangazwa, na kwenye mnada baada ya ibada tunapandishiana bei ya kuku mpaka kuku anafika bei ya mbuzi. Sipingi mnada, mapaa mengi yameezekwa kwa mayai na ndizi zilizouzwa hivyo, na kuna furaha ya kweli ndani yake. Ila kwa siku hizi 40, kila shilingi unayoitoa mbele za watu, toa nyingine kama hiyo pasipo kuonekana. Ukinunua kuku kwa elfu thelathini huku watu wakishangilia, tafuta ada ya elfu thelathini ambayo mjane fulani amekwama nayo, uilipe shuleni moja kwa moja, na umwombe mhasibu asikutaje.

Kufunga kunaingia hapa. Isaya 58 inagombana na watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na inasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo fanya hesabu. Tuseme chakula chako cha mchana ni wali maharage wa shilingi 3,000. Ukifunga kila Jumatano na Ijumaa ya Kwaresima, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu, utapata siku 14, yaani shilingi 42,000. Zitenge kila siku kwenye bahasha, usingoje mwisho. Mfungo ambao fedha yake inabaki mfukoni mwa mfungaji umepunguza matumizi, basi.

Kurudisha

Sehemu hii nimeikuta kwa wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na sijaona mahali ilipofundishwa vizuri zaidi.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa na Biblia wakiomba pamoja. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na ni huko Gahini ambako moto uliwaka miaka ya 1930. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko. Alifariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Kutoka hapo uamsho ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya, na kwetu Tanzania ukaingia kupitia Buhaya, upande wa Bukoba. Neno "walokole" tunalolitumia leo, mara nyingine kwa kejeli, ni la Kiganda: balokole, waliookolewa.

Watu wanakumbuka wimbo wao wa Tukutendereza, yaani tunakusifu. Mimi naona kilichowatikisa majirani ni kurudisha. Mtu aliyeiba alikwenda kwa aliyemwibia, kitu mkononi. Waliokuwa na vinyongo waliungama mbele ya wenzao, wakaita hilo kutembea nuruni. Na wamisionari, enzi hizo za ukoloni, baadhi yao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao. Hebu fikiri maana yake kwa mpishi wa misheni aliyekuwa amekaa pale akisikiliza. Zakayo naye, wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alizungumza namba: nusu ya mali, na mara nne kwa aliowanyang'anya (Luka 19:8).

Fanya hivi karibu na siku ya 25. Andika orodha ya vitu, fedha na majina mazuri uliyowaondolea watu. Anza na kilicho chepesi. Nenda mwenyewe, usitume mtoto wala ujumbe wa simu. Taja kitu na kiasi: "Nilichukua elfu kumi na tano ya kikundi mwaka juzi, hii hapa." Usieleze ulikuwa na shida gani. Kama mwenyewe amefariki, wape warithi wake. Kama ni mali ya mwajiri, rudisha hata kama hakuna aliyegundua. Lakini jambo ambalo kulisema kutamvunja mtu wa tatu asiye na hatia, kama siri ya unyumba, usilibebe peke yako kwenda kulimwaga. Zungumza kwanza na mchungaji au mtu mzima unayemwamini.

Mimi nilirudisha msumeno nilioazima miaka sita iliyopita. Mwenyewe alikuwa ameshanunua mwingine. Aliupokea, akaugeuza, akacheka, kisha akanidai na tupa yake.

Tahadhari moja kutoka historia hiyo hiyo. Baadaye baadhi ya makundi ya uamsho yaligawanyika juu ya mambo kama mavazi na mikopo, nani amejikana vya kutosha na nani bado. Ukianza kupima mfungo wa mwenzako, daftari lako limeshakuwa rungu. Lifunge.

Kubali kuoshwa

Kwenye karamu ile ile ya mwisho, Luka 22:24 inasema, wanafunzi walikuwa wakibishana nani aliye mkubwa. Ndiyo maana miguu ya watu kumi na wawili ilikuwa bado na vumbi: aliyeinuka kushika beseni angekuwa amejitaja kuwa mdogo. Yesu akainuka. Na Petro akakataa katakata asioshwe.

Nilidhani Petro alikuwa mnyenyekevu. Nikaja kuona kwamba wapo wengi kati yetu tunaotumikia vizuri sana lakini hatupokei. Ukitupikia tunaleta mchango; ukitutembelea hospitalini tunasema "mngesumbuka bure". Mtu asiyekubali kutumikiwa anataka abaki juu. Kwa hiyo siku moja katika siku 40, mwombe mtu aliye chini yako kwa cheo au umri akufundishe au akufanyie jambo, ukae kimya uongozwe. Mwombe mwanao akufundishe kutuma fedha kwa simu bila kumnyang'anya hiyo simu.

Mipaka, na hapa sina mzaha

Kujikana hakuagizwi kwa mtu mwingine. Hakuna mahali Yesu alipompa mume ruhusa ya kumwambia mke "jikane", wala mwajiri kumwambia dada wa kazi, wala kiongozi kuwafanyisha vijana kazi bila posho huku yeye akichukua posho. Aliyesema "jikane" alikuwa njiani kwenda kufa yeye mwenyewe. Kama anayekuhubiria kujikana hapotezi chochote, muulize.

Na mwanamke anayepigwa hatakiwi kuambiwa avumilie kwa kuwa ni msalaba. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza apigiwa nini ikiwa amesema vema (Yohana 18:23). Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi alitaja uraia wake wa Rumi, na wakamwacha (Matendo 22:25-29). Kama wewe ni kiongozi wa jumuiya na mtu amekujia na jeraha, sala yako iende pamoja na nauli ya kumfikisha hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nimekaa kwenye vikao ambako mwanamke alirudishwa nyumbani na mstari wa Biblia. Nilinyamaza. Jambo hilo liko kwenye orodha yangu ya kurudisha, na bado sijajua nitalirudishaje.

Ukikosa siku, na siku ya 40

Ukiruka siku moja, usifidie kwa kufanya mara mbili kesho yake. Kufidia ni kiburi kinachotaka daftari lisiwe na doa. Andika "sikufanya", uendelee. Ukiruka tano mfululizo, kazi uliyoichagua huenda ni kubwa mno kwako kwa sasa. Chukua ndogo zaidi.

Siku ya 40 hakuna ushuhuda kanisani. Badala yake kaa na mtu anayeishi nawe, wa pale pale ndani, si mchungaji wala rafiki. Muulize swali moja: "Hizi wiki sita, imekuwaje kukaa na mimi?" Kisha funga mdomo. Usieleze, usirekebishe, usitaje masufuria. Andika anachosema kama kilivyo.

Wangu alifikiri kidogo huku akikunja kanga. Akasema, "Masufuria nimeyaona. Lakini lile la ugali huwa huligeuzi chini."